Kadi za Saa Nne Kamili

Ratiba yangu ya wiki niliichora mara nne. Ya kwanza mstari wa Jumatano ulipinda. Ya pili wino wa kijani ulivuja. Ya tatu haikuwa na kasoro yoyote, lakini niliichora huku nikiogopa kukosea, na kila nilipoitazama ukutani niliuona ule woga wangu badala ya masomo. Ya nne niliibandika kwa gundi nyingi makusudi, nisije nikaibandua tena. Mpaka leo iko pale, darasa la pili, kushoto ya ubao, na ukitaka kuing'oa itabidi ung'oe na chokaa ya ukuta.

Nasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani anayesimulia. Mimi ni mtu wa kupiga pasi soksi. Nikitoka chumbani hurudi mara mbili kuhakikisha nimefunga mlango. Mtu akinisalimia nikamjibu haraka haraka, njia nzima nitakuwa nawaza kama sauti yangu ilikuwa na kiburi.

Kufundisha hakuna aliyenifundisha. Chuo cha ualimu hakikunichukua, kwa sababu matokeo yangu ya hisabati yalikuwa ya kutia huruma. Nikajifunza mwenyewe nyumbani kwetu Mji Mkongwe, kwa video za kwenye simu na kitabu kimoja cha mwongozo wa mwalimu, kisicho na jalada, nilichokipata kwa muuza vitabu vikuukuu. Wanafunzi wangu wa kwanza walikuwa nguo za bibi yangu. Nilikuwa nafungua milango ya kabati lake, nasema, "Hamjambo watoto," na mabuibui matatu na magauni sita yananitazama kwa adabu kubwa. Sijapata tena darasa lililotulia kama lile.

Skuli iliyonikubali nijitolee ni ndogo, ya vyumba sita, katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, upande wa Uroa. Nilipewa darasa la pili, watoto thelathini na mmoja. Nilipanga chumba kwa mwalimu wa darasa la kwanza, Bi mmoja mzaliwa wa hapo hapo, aliyewafundisha kusoma mama za wanafunzi wangu. Ni mtu ambaye mikono yake haikai bure. Mapumzikoni hushona kofia, sindano inapanda na kushuka, na macho yako kwa watoto wote uwanjani.

Wiki yetu ilikwenda hivi. Jumatatu tunasimama mstarini, watoto wanaivuta "Shikamooo tichaaa" mpaka unadhani haitakwisha, nasi tunakagua kucha. Kuna Jumatatu mikono ilikuja na chumvi nyeupe imekauka kwenye vifundo vya vidole, na kuna Jumatatu ilikuja misafi. Sikujiuliza kwa nini. Niliandika tu kwenye daftari: "Usafi wa mikono: unabadilika badilika."

Jumanne ni siku ya bustani. Tulikuwa na matuta mawili ya mchicha na mbuzi mmoja wa jirani ambaye naye alikuwa na ratiba yake, na aliifuata kuliko sisi. Jumatano ni michezo. Wasichana wanacheza rede, wavulana wanapiga mpira, na mimi ndiye refa. Sheria za mpira nilizisoma kwenye simu wiki nzima kabla ya kuthubutu kushika filimbi. Nilipoipuliza mara ya kwanza, mchezo wote ukasimama, na mfungaji akanijia taratibu kama mtu anayempa mgeni pole. "Ticha," akasema, "hapa kwetu hakuna ofusaidi."

Alkhamisi ndiyo siku yangu. Kusoma kwa sauti, darasa zima, mmoja baada ya mwingine. Na Ijumaa watoto wanafagia uwanja kwa fagio za chelewa, wavulana wamevaa kofia zao tayari kwa sala, na saa tano wanatawanyika. Mimi hurudi mjini mchana huo na kurejea Jumapili.

Kulikuwa na jambo moja tu lililoniharibia wiki zangu, nalo ni uchelewaji. Nilikuwa na daftari lake maalumu. Siku za kawaida wangechelewa watatu, wanne. Halafu ghafla, siku mbili tatu mfululizo, wanachelewa kumi na tano, na wengine hawaji kabisa. Nikiwauliza wanasema, "Nlikuwa pwani na mama." Mwanzo wa muhula ilikuwa Jumatatu na Jumanne, nikaandika kwa wino mwekundu: "Sababu: uchovu wa mapumziko ya wiki." Baadaye ikahamia Jumatano. Nikaandika: "Sababu: michezo." Ilipofika Alkhamisi nililia kidogo, kwa sababu niliona sasa sababu ni mimi.

Naona haya kukiri kwamba dirisha la darasa langu linatazama bahari. Lakini nimezaliwa mjini. Bahari niliyoijua mimi ni ile ya kukaa ukutani pale Forodhani, miguu inaning'inia, unakula, unaitazama. Ipo tu. Ikishuka kidogo, ikipanda kidogo, haijawahi kubadilisha jambo lolote katika maisha yangu. Sikuwa na sababu ya kuiandikia safu kwenye ratiba.

Kuelekea mwisho wa muhula mwalimu mkuu aliniita ofisini. Yeye kwao ni katikati ya kisiwa, kwenye migomba na mihogo, huja kwa vespa kila asubuhi, na mambo yote ya pwani humwachia Bi. Si mtu wa maneno mengi.

"Cheti huna," akasema.

"Sina, Maalim."

"Mie nimekuona unafundisha. Kamati ya skuli haijakuona. Kama unataka kubaki mwaka ujao, kamati itie saini fomu hii. Waite wazazi, wawasikie watoto wakisoma, mwenyekiti aje. Fomu inatakiwa wilayani Alkhamisi ya wiki ijayo, mchana, mie ntaipeleka mwenyewe. Ikipita hapo, nafasi wanapewa watu wengine."

Nilitaka kubaki. Sijui niliandikeje hilo lisionekane dogo. Sikuwahi kutaka kitu kwa namna ile, kiasi kwamba usingizini nilikuwa naita majina ya watoto kwa kufuata orodha.

"Halafu," akaongeza, "siku na saa umuulize Bi. Yeye ndiye anayewajua."

Wiki ile Bi alikuwa Nungwi, kwa binti yake aliyejifungua. Mwalimu mkuu aliniambia nimpigie simu. Nikatoka nje na simu mkononi, nikalitazama jina lake kwenye kioo, nikairudisha mfukoni. Tangu nifike, Bi alikuwa amenisahihisha kila kitu: namna ya kuchota maji kisimani, namna ya kuwaamkia wazee njiani, hata namna ya kushika fagio. Alinisahihisha kwa upole, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi. Nilitaka kitu kimoja, kimoja tu, nikifanye peke yangu kikamilike bila mkono wa mtu.

Nikarudi ofisini. "Nshampigia, Maalim," nikasema. "Anasema Alkhamisi, saa nne kamili, inafaa."

Uongo ulinitoka bila kukwama, nami nikashangaa jinsi ulivyo mwepesi.

Kadi nilizichora mjini Jumamosi na Jumapili, thelathini na moja, kila moja na ukingo wa maua ya mlangilangi. Niliandika: "Unakaribishwa kuwasikiliza watoto wa darasa la pili wakisoma. Alkhamisi, saa nne kamili asubuhi. Tafadhali usichelewe." Jumatatu watoto wakapeleka. Jumanne nilikutana na baadhi ya mama njiani, nikawauliza kama wamepata.

"Tumepata, mwalimu. Kadi nzuri, kama ya harusi!"

"Mtakuja?"

"Inshallah."

Nikaandika kwenye daftari langu: "Wote watakuja."

Kuna jambo jingine la kukiri, na hili ni zito zaidi. Darasani nilikuwa na binti mmoja anayekaa karibu na dirisha. Alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mrefu, mkulima wa mwani. Binti huyu alisoma polepole sana. Alikuwa anaweka kidole chini ya neno, anaanza, anarudi, anatazama nje, anaanza upya, na mimi nasimama hapo nikitamani kumsomea. Nilipopanga nani atasoma nini, yeye nilimpa kazi ya kuwakaribisha wageni kwa maneno ya kukariri. Nilijiambia namsitiri. Ukweli nilikuwa najisitiri mwenyewe.

Siku ilipofika, watoto walikuja wote thelathini na mmoja, na hakuna aliyechelewa. Walikuwa na poda usoni, sare zimepigwa pasi hadi zinakwaruza. Nilitandika mikeka ya kuazima, nikapanga viti viwili mbele, kimoja cha mwenyekiti na kimoja cha mwalimu mkuu. Birika la chai lilikuwa tayari, na bajia nimezifunika kwa kawa.

Saa nne kamili aliingia mgeni mmoja, babu wa mmoja wa wavulana, kanzu nyeupe, kadi mkononi. Masikio yake hayakuwa mazuri. Alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, akaomba chai.

Saa nne na robo alikuwa anakula bajia ya tatu. Saa nne na nusu mwalimu mkuu akasimama mlangoni, fomu imekunjwa kwenye mfuko wa shati.

"Wazazi wako wapi, mwalimu?"

"Wako njiani, Maalim."

"Hawako njiani, ticha," akasema mtoto wa dawati la mbele. "Wako pwani. Leo bamvua."

Sikulielewa neno. Niliwahi kulisikia, kama mtu wa mjini anavyosikia maneno ya shamba, likapita. Nikageuka dirishani, nadhani kwa mara ya kwanza muhula ule nikatazama kweli. Bahari haikuwepo. Pale ilipokuwa juzi palikuwa na mchanga uliolowa, majani, vidimbwi vinavyong'aa, na vigingi safu baada ya safu kama daftari lililopigwa mistari. Mbali huko, karibu na mawimbi, kulikuwa na kanga za kila rangi, zimeinama. Wazazi wangu walikuwa wamehudhuria wote, ila ukumbi ulikuwa mwendo wa nusu saa kutoka darasani.

"Mbona hamkuniambia?" nikawauliza watoto.

Wakatazamana. "Hukutuuliza, ticha."

"Mama alisema ticha mwenyewe ataona maji yametoka," akasema mwingine.

Hapo hapo Bi akaingia uwanjani, katoka kituoni moja kwa moja, begi la Nungwi begani. Akachungulia mlangoni, akaiona mikeka, birika, na babu katika kanzu.

"Mikeka yote hii," akasema, sauti imeshuka, "kuna hitma? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bi," akasema mwalimu mkuu. "Ndiyo shughuli ya kuwasikiliza watoto. Si ulimwambia mwenyewe saa nne inafaa?"

"Mie?"

"Alikupigia simu."

"Kunipigia mie? Niwaite watu saa nne siku ya bamvua, mie nna wazimu?"

Hata babu aliacha kutafuna. Nilifikiria kusema simu ilikuwa na mtandao mbaya. Nilifikiria kwa muda ambao nauona mrefu mpaka leo. Nikasema, "Sikumpigia, Maalim. Nilikudanganya. Sikutaka kuonekana sijui."

Mwalimu mkuu akatoa fomu mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Mie saa saba naondoka," akasema. Akaenda zake ofisini.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaanza kukusanya vikombe, maana mikono yangu ikishindwa jambo kubwa hukimbilia kusafisha jambo dogo. Bi akanishika kifundo cha mkono.

"Wacha vikombe. Njoo hapa." Akanivuta dirishani. "Bamvua ni siku chache, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Maji yanakwenda mbali asubuhi, na yakenda mbali ndipo watu wanapata kufunga kamba zao na kuvuna. Yakiwa maji mafu, wiki inayofuata, hawana kazi huko, wamekaa majumbani wanaanika. Ungewaita wiki ijayo wangekuja na ngoma. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Miezi mitatu unalala nyumbani kwangu, mwanangu. Miezi mitatu! Ulikuwa unadhani mie nisipokupikia samaki siku za maji mafu nafanya ubahili?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Na nikalikumbuka daftari langu la wachelewaji, na wino wake mwekundu, na "Sababu: michezo." Wiki mbili kimya, kisha kumi na tano kwa mkupuo. Kila kitu kilikuwa pale, nimekiandika kwa mkono wangu mzuri.

Bi alikuwa anaitazama bahari kama mtu anayesoma saa ya ukutani. "Maji yameshaanza kurudi. Saa sita kasoro watakuwa wanapanda, na njia yao ni hii hapa, ubavuni mwa skuli." Akawageukia watoto. "Enyi! Nendeni mkawapokee mama zenu. Kila mtu na wake. Waambieni waje hivyo hivyo walivyo."

"Sare, Bi!" nikapiga kelele. "Zimepigwa pasi!"

Walikuwa wameshafika nusu ya ufukwe. Niliwatazama wanavyokata vidimbwi, shungi nyeupe zinapepea, matope yanaruka hadi migongoni, na sikuweza hata kuwahesabu.

Walianza kuingia saa sita kasoro kidogo. Kanga zimelowa, miguu imejaa mchanga, mikono imekunjamana kwa maji. Viroba vya mwani vilipangwa nje chini ya dirisha, na darasa likajaa harufu ya bahari. Mikeka ya watu nilijua nitaifua mwenyewe. Mwenyekiti aliingia wa mwisho, akamkuta babu kwenye kiti chake, akakaa chini pamoja na wenzake.

"Asalaam aleikum, mwalimu. Tumechelewa?" akauliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Mbona hamkuniambia, mama?" nikasema.

"Tulijua utasogeza mwenyewe. Nani anaita watu maji yakiwa makavu? Tukasema, huyu saa yake ya nne labda ni ya mjini."

"Ya mjini inafuata taa za barabarani!" akadakia mwingine.

Mwalimu mkuu akaja kusimama mlangoni, mkono wenye saa ameuinua. Mpango wangu wa dakika thelathini nilikuwa nimeuandika kwenye karatasi, nani baada ya nani. Karatasi yenyewe mtu alikuwa ameikalia. Watoto wakasoma walivyotaka, wenye matope, wengine wakiwa wamekaa mapajani mwa mama zao. Mmoja alisoma kitabu juu chini kwa sababu hadithi ameihifadhi, dada yake akamgeuzia kitabu. Babu alikuwa anapaza kila baada ya sentensi, "Sauti! Sauti, mwanangu!" na kweli sauti zikapanda.

Walipokwisha, mwenyekiti akatazama huku na huku. "Na wangu?"

"Yeye alikuwa akaribishe wageni," nikasema.

"Wageni tumeshakaa. Hasomi?"

Nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha. "Sikumpangia kusoma, mama. Anasoma polepole, nikaogopa."

"Ukaogopa nini?"

"Nikaogopa mtaniona mimi sifundishi vizuri."

Alifungua pindo la kanga yake, akatoa mfuko wa nailoni aliohifadhia simu isilowe, na ndani yake ilikuwemo kadi yangu, kavu, na maua yake yote. Akampa binti yake.

"Haya. Soma hii."

Binti akasimama dirishani. Akaweka kidole. "U-na... una-ka... unaka-ri..." Akarudi. Akatazama nje. Nilijua kila silabi iliyokuwa inakuja, nami niliyaandika maneno yale mara thelathini na moja. Midomo yangu ilikuwa inachezacheza. Bi alinikanyaga mguu. "Unakaribi-shwa." Akashusha pumzi. Darasa nalo likashusha pumzi. "Unakaribishwa ku-wa-si-ki-li-za..." Mwalimu mkuu aliishusha ile saa yake. Hakuna aliyemsomea, hakuna aliyemharakisha. Hawa ni watu waliozoea kungoja kitu kinachokuja kwa wakati wake, nami peke yangu mle ndani ndiye niliyekuwa sijui kungoja.

"Saa. Nne. Ka-mi-li. A-su-bu-hi." Akainua uso. "Ticha, saa nne kamili mama alikuwa kwenye maji mpaka hapa." Akaonyesha kiunoni.

"Endelea," akasema mama yake, akijikaza asicheke.

"Ta-fa-dha-li... u-si... u-si-che-le-we."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mama mmoja alijilaza kabisa kwenye mkeka. Babu, ambaye hakusikia kitu, alicheka kuliko wote. Na binti alisimama pale na kadi kifuani, anatutazama mmoja mmoja, na akagundua kwamba ni yeye aliyekileta kile kicheko, kwa kusoma. Akaisoma tena sentensi ya mwisho, safari hii bila kidole.

Mwenyekiti alijipangusa macho kwa kanga. "Maalim, lete fomu."

Aliandika kwenye goti lake. Maji yalimdondoka kutoka mkononi, wino ukatapakaa, na jina lake likawa na mkia mrefu wa bluu hadi kwenye mstari wa tarehe. Mimi, na hili nalikiri kwa hiari yangu, nilikuwa na fomu ya pili, safi, ndani ya bahasha mkobani. Nilitoa kopi kwa tahadhari tangu siku ya kwanza. Nikaitoa.

"Mama, labda tungeiandika tena kwenye hii, iwe..."

Akanitazama, akaitazama bahasha, akamtazama Bi. "Huyu hivi ndivyo alivyo siku zote?"

"Siku zote," akasema Bi. "Anapiga pasi hata soksi."

"Irudishe mkobani, mwalimu. Nshatia saini, sitii mara mbili. Ila nna sharti. Kesho usende mjini. Jumamosi bado maji yanatoka, uje pwani uone watoto wako wanapochelewea."

Mwalimu mkuu alichukua fomu na ule mkia wake, akaipuliza ikauke, akawasha vespa. Saa saba ilimkuta ameshatoka kijijini.

Jumamosi nilikwenda. Nilivaa viatu vya raba nilivyoambiwa nivae, na kanga mbili za Bi. Nilikuwa nimepanga kufika mapema kabisa, lakini nikarudi mara mbili kuhakikisha nimefunga mlango, na nilipofika wenyewe walikuwa wameshainama muda mrefu. Mwenyekiti aliniona kwa mbali, akaweka mikono mdomoni kama tarumbeta.

"Mchelewaji!" akapaza, na ufukwe mzima ukarudia. "Mchelewaji! Aandikwe!"

Binti wa dirishani alinipokea. Alinikalisha mbele ya kamba moja ndefu, akanionyesha namna ya kufunga kijiti cha mwani kwa uzi mwembamba, kisilegee kikachukuliwa na maji, kisibane kikakatika. Nikafunga. Akaja, akakigusa kwa kidole.

"Sivyo, ticha. Fungua, ufunge tena."

Nikafungua. Mara ya pili nilibana mno, mara ya tatu kikachomoka. Yeye alikuwa amechuchumaa pembeni, mikono magotini, maji yanatuzunguka vifundoni, wala hakunisaidia. Alikuwa anangoja tu.